Pedali ngumu mteremkoni, injini dhaifu mlimani: je, ni ugonjwa mmoja?

"Nina Nissan B15 ya mwaka 2001, injini ya 1500, gia za otomatiki. Ninaishi Nakuru na mara mbili kwa mwezi huenda Kisumu kuwaona wazazi. Nikipanda kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit gari huchoka, hasa nikiwa na abiria wanne. Siku nyingine linapanda vizuri tu. Nikishuka baada ya Kericho, kuna wakati pedali ya breki inakuwa ngumu kama jiwe na gari halisimami hadi nikanyage kwa miguu miwili, halafu baada ya dakika chache inarudi sawa. Nikifika Kisumu, kwenye foleni, injini hutetemeka, na nikikanyaga breki hutetemeka zaidi. Juzi ilizima kabisa pale Kondele. Nimebadilisha pedi za mbele, plagi na filta ya hewa. Fundi mmoja anasema ni masta silinda, mwingine anasema gia boksi imekwisha. Wa tatu alinishauri niteremke na nyutro ili breki zipumzike na niokoe mafuta. Nianzie wapi kabla sijamaliza pesa?"

Kabla ya yote, acha kuteremka na nyutro. Sababu utaziona hapo chini, lakini hilo lisisubiri. Na kama una safari ya Kisumu kabla gari halijapimwa, panda matatu. Pedali inayokuwa ngumu bila taarifa haivumiliwi hadi mwisho wa mwezi.

Hofu yako ni kwamba gari lina magonjwa matatu na kila fundi anakuelekeza kwenye bili yake. Mimi naona mawili. Pedali ngumu na ule mtetemeko wa foleni huenda ni kitu kimoja. Kuchoka mlimani ni jambo jingine, na nitakueleza kwa nini silichanganyi na hayo.

Sentensi yenye uzito zaidi katika barua yako umeipita haraka: injini hutetemeka zaidi ukikanyaga breki. Pedali ya breki na injini zina mahali pamoja pa kukutana, napo ni kwenye busta. Fungua boneti utazame upande wa dereva, ukutani kabisa: lile dude jeusi la mviringo, kama sufuria mbili zilizofunikana midomo, ndilo busta. Mbele yake imefungwa masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumuni, yenye kikopo cha mafuta hayo, na kutoka kwake kuna paipu nene ya mpira inayokwenda kwenye manifoldi, pale injini inapovutia hewa.

Ndani ya dude hilo kuna ngozi ya mpira inayoligawa vyumba viwili. Injini ikinguruma huvuta hewa kutoka vyumba vyote viwili, kukabaki ombwe, ambalo mafundi huliita vakyumu. Ukikanyaga pedali, vali ndogo hufungua njia ili hewa ya nje iingie chumba cha nyuma peke yake. Hewa hiyo inasukuma ngozi, ngozi inasukuma masta silinda, na mguu wako unapata msaada mkubwa. Kwa hiyo nguvu inayokusaidia kusimamisha gari kila siku ni uzito wa hewa ya nje, na injini kazi yake ni kuliweka ombwe tayari.

Sasa chukulia ile ngozi imepasuka kidogo, au paipu imechanika kwenye mkunjo. Mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja. Kwanza, ombwe halijai, mguu unakosa msaidizi, na pedali inakuwa ngumu. Pili, hewa inaingia kwenye injini kwa mlango wa uani. Injini yako, QG15, ina kipimo cha hewa karibu na filta, na kompyuta hupima petroli kwa kufuata kipimo hicho. Hewa iliyopita kwenye busta haikuhesabiwa, kwa hiyo petroli inakuwa pungufu na injini inatetemeka. Ukikanyaga pedali, tundu la ngozi linapata hewa ya nje moja kwa moja na mtetemeko unazidi, hadi siku moja inazima Kondele.

Kuna tahadhari moja kabla hujaamini maelezo haya. Gari la otomatiki likishikwa na breki huku gia iko D hutetemeka pia ikiwa mipira ya kushikilia injini imechoka, na hilo halihusiani na busta kabisa. Ndiyo maana majaribio yanayofuata yote yafanywe gia ikiwa P, mahali tambarare, handibreki juu, na vigingi au mawe nyuma ya magurudumu. Hayahitaji senti moja.

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano hivi hadi iwe ngumu. Ishikilie kwa nguvu ya wastani, kisha washa injini. Busta ikiwa nzima, pedali inazama yenyewe chini ya mguu, sentimita moja au mbili, utaihisi waziwazi. Isipozama, busta haipati ombwe au imekufa.

Halafu acha injini ingurume dakika mbili, izime, kisha kanyaga taratibu mara tatu ukipumzika kidogo katikati. Mara ya kwanza pedali inakwenda chini, ya pili inabaki juu kidogo, ya tatu juu zaidi. Kama ya kwanza tayari ni ngumu, akiba ya ombwe imevuja mara tu injini ilipozima, na mshukiwa wa kwanza ni vali ya njia moja. Kwenye Nissan nyingi vali hii imefichwa ndani ya paipu yenyewe, na juu yake kuna mshale unaotakiwa kuelekea injini. Gari lililowahi kushushwa injini mara nyingine hurudishiwa paipu hiyo kinyume. Ichomoe na uipulize kwa mdomo: pumzi ipite kutoka upande wa busta kwenda injini, na isirudi kabisa.

Jaribio la tatu ndilo ninalolipenda, kwa sababu linatenganisha busta na masta silinda. Injini ikinguruma, kanyaga pedali na uishikilie palepale. Zima injini bila kuondoa mguu, hesabu sekunde 30. Pedali ikitulia, vyote viko sawa. Ikikusukuma mguu juu, busta inavuja. Ikizama polepole kuelekea sakafuni, hapo ndipo masta silinda inapata kesi ya kujibu. Na hii ndiyo sababu simkubali fundi wako wa kwanza: masta silinda iliyochoka huifanya pedali kuzama na kuwa laini. Haiifanyi ngumu kama jiwe.

Sikiliza pia. Zima redio na feni, inamisha kichwa karibu na pedali huku mtu mwingine akiikanyaga na kuishikilia. Mvumo mfupi wa hewa wakati wa kukanyaga ni wa kawaida. Mvumo usiokoma maadamu mguu uko pale ni ngozi iliyotoboka au vali ya ndani iliyochakaa.

Mwisho, mwombe fundi aichomoe ile paipu kwenye manifoldi na kuziba tundu la manifoldi kwa kizibo cha mpira. Kama injini inatulia papo hapo kama mtoto aliyepata ziwa, umempata mwizi. Rudisha paipu kabla gari halijasogea hata hatua moja, maana bila hiyo huna busta kabisa.

Angalia na kikopo cha mafuta ya breki. Yakipungua wiki baada ya wiki na hakuna unyevu kwenye magurudumu wala chini ya gari, huenda masta silinda inavujia ndani ya busta, na injini inayavuta na kuyachoma. Ekzosi itatoa moshi mweupe. Fundi akilegeza nati mbili za masta silinda na kuivuta mbele kidogo bila kufungua mabomba ya breki, ataona kama kuna umajimaji nyuma yake. Mafuta ya breki huozesha mpira wa busta usiotengenezwa kuyastahimili, hivyo ukibadilisha kimoja tu hapo utarudi.

Kwa nini basi tatizo huja na kuondoka? Paipu ya zaidi ya miaka 20 hulainika ikipata joto, na ombwe huweza kuifyonza hadi ikabanana ndani. Ikipoa, inafunguka. Vali yenye uchafu hukwama leo, kesho ikafanya kazi. Tena kuna suala la urefu kutoka usawa wa bahari, ambalo vitabu vingi vya gari havilitaji. Kisumu iko mita 1,130 hivi, Nakuru karibu 1,850, Mau Summit zaidi ya 2,400. Kule juu hewa inasukuma kwa nguvu ya robo tatu tu ya ile ya Mombasa, na kwa kuwa msaada wa busta ni tofauti kati ya hewa ya nje na ombwe la ndani, hata busta isiyo na kasoro hutoa msaada mdogo huko kuliko pwani. Uvujaji mdogo usioonekana bondeni unajitokeza milimani.

Hili lina maana pia kwa fundi mwenye geji ya vakyumu. Kitabu kitamwambia injini nzima isome inchi 18 hadi 22 za zebaki. Hizo ni namba za usawa wa bahari. Toa takriban inchi moja kwa kila mita 300 unazopanda: Nakuru, 12 hadi 16 ni afya njema. Injini nyingi zimefunguliwa hapa Nakuru kwa kosa la kusoma 14, wakati injini ilikuwa haina hatia.

Sasa hiyo nyutro. Injini yenye gia ndani, ukiondoa mguu kwenye mafuta mteremkoni, huzungushwa na magurudumu. Kompyuta hukata petroli kabisa kwenye nozeli hadi mizunguko ikaribie ile ya kusimama. Ukiweka nyutro, injini inahitaji petroli ili isizime. Kwa hiyo unatumia mafuta zaidi. Jambo zito zaidi ni ombwe: ukiwa na gia, injini ikizunguka 3,000 huku mlango wa hewa umefungwa, inavuta kwa nguvu nyingi kiasi cha kufunika uvujaji wa busta. Kwenye nyutro inanguruma kidogo tu, kwa mizunguko 700 hivi, na inavuta kinyonge. Ukikanyaga mara mbili tatu mfululizo, akiba imekwisha. Nina hakika karibu kabisa kwamba baadhi ya zile siku pedali ilipokuwa jiwe ni siku ulizokuwa kwenye nyutro, na siku ilipokuwa sawa ulikuwa na gia. Jaribu kukumbuka.

Shuka hivi: kabla mteremko haujaanza, zima O/D (ovadraivu, ile gia ya juu kabisa) kwa kile kitufe cha kwenye gia. Kama mwendo bado unaongezeka, punguza kwa breki kisha weka 2. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, achilia kabisa zipoe, rudia. Mguu usiokoma kugusa pedali ndio unaochoma pedi. Na kuchoma pedi nako huleta kitu kinachofanana na ugonjwa wako: pedali ngumu, gari halishiki. Tofauti yake ni harufu kali ya kuungua na kwamba huja baada ya kilomita kadhaa za kushuka. Busta mbovu inaweza kukugomea hata mkanyago wa kwanza wa asubuhi, breki zikiwa baridi. Kama hizo pedi mpya ni za bei ya chini mno, zitoe uzitazame uso: ukiwa unang'aa kama kioo, zimeshaungua na hazifai kurudishwa.

Tuhamie mlimani. Ingekuwa rahisi kukuambia kwamba busta ndiyo inayolichosha gari kule Salgaa, ila si kweli. Unapopanda, umekanyaga mafuta hadi karibu mwisho, mlango wa hewa uko wazi, na ndani ya manifoldi karibu hakuna ombwe. Tundu la busta halivuti kitu cha maana wakati huo. Uvujaji huonekana injini ikiwa imetulia, na hupotea ikibebeshwa mzigo. Kwako kuchoka kunakuja na mzigo.

Urefu unachukua sehemu yake: injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Lakini kati ya Nakuru na Mau Summit hiyo ni asilimia 6 hivi tu. Kama gari linakimbia vizuri Nakuru na linakufa Salgaa, usiuangushie mlima lawama zote.

Anza na breki zenyewe, kwa kuwa breki inayobana ni kama kupanda na mtu amekushika shati. Endesha kilomita 10 bila kukanyaga breki sana, simama mahali salama, pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Gurudumu lenye moto kuliko mwenzake wa upande wa pili ndilo la kupandishwa jeki. Likizunguka kwa shida, fundi afungue nipo ya kutolea hewa kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana pedi. Gurudumu likiachia mara moja, presha ilikuwa imenaswa, mara nyingi na paipu ya breki iliyovimba ndani ikageuka vali. Lisipoachia, pistoni au pini za kalipa zimeshika kutu. Pini hupakwa grisi maalum ya breki. Grisi ya bearingi huvimbisha mpira na tatizo linarudi baada ya wiki chache. Nyuma una dramu, hivyo waya wa handibreki uliokwama uangaliwe pia.

Hapa ndipo mafuta ya breki yanapoingia. Hunywa unyevu wa hewa kidogo kidogo. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, ila ikishajaa maji kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Breki inayobana huyafikisha huko, yanatoa mapovu, na pedali inakuwa laini na kuzama. Kama hujui yalibadilishwa lini, badilisha yote sasa, halafu kila miaka miwili. Lita moja inatosha kusukuma yote ya zamani nje. Usiongezee mafuta ya stiaringi wala ya gia hata kijiko: huvimbisha kila mpira ulio ndani.

Breki zikiwa safi, angalia njia ya petroli na ya hewa. Pampu inayochoka hutosheleza injini tambarare na kushindwa mlimani, zaidi ikiwa na joto na tanki likiwa karibu kuisha. Presha ipimwe injini ikipandishwa mizunguko, isiwe ya kusimama tu; injini nyingi za petroli za rika hili husoma kati ya psi 43 na 51 na sindano isishuke. Kile kipimo cha hewa karibu na filta kisafishwe kwa dawa yake ya kupuliza, kisiguswe na kitambaa. Kisha ekzosi: geji ikiwa kwenye manifoldi, shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika moja. Sindano ikiteremka polepole, katalaitiki, ile sehemu ya ekzosi inayosafisha moshi, imeziba.

Mashine ya kusoma kompyuta ingemaliza ubishi mwingi. Ikionyesha kompyuta inaongeza petroli kwa asilimia 15 au 20 injini ikiwa imetulia, na kurudi karibu na sifuri mizunguko ikipanda, huo ni uvujaji wa hewa. Ikiwa nyongeza inakua kadiri mzigo unavyokua, tafuta pampu au kipimo cha hewa. Tafuta tu mwenye mashine ya Nissan. Vile vidude vya Bluetooth mara nyingi havielewani na magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, na mtu huambiwa kompyuta imekufa.

Kuhusu gia boksi: ikiwa inateleza, mizunguko ingepanda bila mwendo kuongezeka. Tazama sindano ya mizunguko ukipanda. Mizunguko na mwendo vikishuka pamoja, gia boksi iache.

Ukifika kununua busta, ya ex-Japan inafaa ikiwa imepimwa: pampu ya mkono ivute hadi inchi 15, sindano isisogee kwa sekunde 30, mbele yako kabla ya kulipa. Fundi alinganishe urefu wa fimbo inayosukuma masta silinda na ule wa busta ya zamani. Ikizidi kidogo, breki zitabana zenyewe. Ikipungua, pedali itaenda mbali kabla ya kushika. Lakini usikimbilie busta kabla ya kubadilisha paipu na vali, ambazo ni kidogo sana kwa bei.

Usiendeshe, ita brekidauni, ikiwa mkanyago wa kwanza wa asubuhi ni mgumu injini ikinguruma, pedali inazama ukiishikilia, mafuta ya breki yanapungua, au gurudumu linatoa moshi. Na kama yakikukuta barabarani, kumbuka pedali mbili hutibiwa kinyume. Iliyo ngumu: usipampu, kila pampu inamaliza akiba. Kanyaga kwa miguu miwili na usiachie, injini ikinguruma, teremsha gia hadi 2 na baadaye 1, kisha vuta handibreki polepole kidole kikiwa kwenye kitufe chake. Iliyo laini: pampu haraka haraka hadi ishike. Kwa vyovyote usizime ufunguo, utapoteza msaada wa stiaringi na hata usukani unaweza kujifunga.

Baada ya matengenezo, lijaribu kwanza ukiwa peke yako barabara ya Njoro, kisha na abiria wanne hadi Salgaa na kurudi, O/D ikiwa imezimwa kwenye miteremko. Ukirudi, kabla hujazima, rudia lile jaribio la sekunde 30 injini ikiwa bado moto. Wakati huo ndipo paipu mbaya hujionyesha.